Projekti darasani, mwanafunzi akiwa dereva: maswali ambayo walimu mnauliza kila mara

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Kila nikikaa na walimu kuongelea kufundisha kwa projekti maswali huwa ni yaleyale, kwenye magrupu ya WhatsApp ni hayohayo, inboksi hayohayo, mpaka juzi nikasema ngoja niyakusanye sehemu moja, mtu akiuliza namtumia linki namaliza. Nafundisha Tanzania kwa hiyo mifano mingi ni ya huku, ila na wa Kenya nimewawekea sehemu yenu huko chini maana nyie hili jambo limewafika shingoni.

Projekti ni nini hasa? Si ndo hizi kazi za mikono tunafanya kila siku?

Hapana. Ukiwaambia darasa la nne kesho kila mtu aje na fagio la chelewa, wakaja nalo, hiyo ni kazi ya mikono (na nusu ya hayo mafagio yamenunuliwa sokoni, tunajuana). Ukawapeleka kidato cha pili kutengeneza sabuni ya maji, ukawapa vipimo, wakakoroga, povu likatoka, hiyo ni praktiko. Nzuri tu, sina ugomvi nayo, ila wote wamefuata maelekezo yako na wote wametoka na kitu kilekile.

Projekti inaanza na swali, na mimi kipimo changu ni kimoja tu: jibu la hilo swali lipo kwenye notsi zako? Kama lipo, hiyo ni homuweki imevaa koti. Kama hata wewe mwalimu hulijui, na inabidi msubiri watoto wakapime, wakahesabu, wakaulize watu ndo wote mjue, hapo sasa tunaongea lugha moja.

Halafu ile habari ya mwanafunzi kuongoza. Maana yake wao ndo wanachagua swali ndani ya mada, wao wanapanga watalijibu vipi, wanagawana kazi, na wao wanaamua majibu yao wanayapeleka kwa nani. Wewe unabaki na mada, muda, usalama na kiwango cha kazi. Hivyo vinne usimwachie mtoto.

Lakini watoto wetu hawa hawa? Wanaweza kweli kuuliza swali la maana?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu huwa ni Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji zilikuwa zinagombaniwa, mwenzake mmoja akaweka maziwa bila hata kuyachemsha, Mpemba naye kuona atakosa nafasi akaweka ya kwake yakiwa ya moto hivyohivyo. Baada ya saa moja na nusu hivi wanarudi, ya Mpemba yameshaganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganya mambo, haiwezekani. Lakini swali hakuliacha.

Baadaye yuko shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, ikawa utani wa darasa zima. Ndo akaja Dkt. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam kuongea na wanafunzi, Mpemba akanyoosha mkono akauliza lilelile swali, wenzake wakacheka. Osborne hakujua jibu. Alichofanya ni kurudi Dar akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala ya pamoja kwenye jarida la fizikia. Leo dunia nzima wanaita hiyo athari ya Mpemba, na wanafizikia mpaka kesho wanabishana, wapo wanaosema ipo na wapo wanaosema ukipima kwa makini huioni.

Sasa angalia hapo. Yule mtoto hakupewa mada na mtu, alikuwa anatengeneza aiskrimu yake. Walimu wawili, wote hawakujua jibu, tofauti yao ni kwamba mmoja alisema haiwezekani na mwingine akasema tukapime. Watoto wenye maswali kama hayo tunao kila siku, wameshajifunza tu kunyamaza maana mkono ukinyooshwa nje ya mada tunasema "hilo tutakuja kuliona mbele", na hiyo mbele haifiki.

Kwa hiyo mwanafunzi akiongoza mimi nakaa ofisini?

Ungejua! Utachoka kuliko ukifundisha kwa ubao. Kazi yako ni kuzunguka, grupu kwa grupu, na silaha yako ni maswali: mmejuaje? nani kawaambia? mkipima tena mtapata hiyohiyo? na huyu mbona haongei? Kitu kigumu kuliko vyote ni kuzuia mkono wako. Unaona kabisa grupu linagawanya pale inapotakiwa kuzidisha, kalamu inakuwasha, unataka uichukue uwarekebishie chapchap muendelee. Usiichukue. Waulize tu, "hili jibu linaingia akilini? Bomba hili kwa siku nzima linatoa maji kikombe kimoja?" Watacheka wenyewe wafute.

Ila kuna muda unasimamisha darasa zima unafundisha kawaida kwa ubao dakika kumi, kwa mfano umeona magrupu yote yamekwama kwenye kubadili mililita kuwa lita. Hapo fundisha, hamna dhambi. Na watakusikiliza vizuri kuliko siku zote maana saa hiyo wanakihitaji hicho kitu.

Nipe mfano mmoja niuone mwanzo mpaka mwisho.

Haya. Darasa la sita, hisabati, mada ya vipimo. Shuleni kuna bomba linavuja, kila mtu analijua, limevuja mpaka pamekuwa na majani ya kijani pale chini. Kwenye kipindi nikauliza tu, mnataka kujua nini kuhusu lile bomba? Maswali yakaja mengi, mengine ya vichekesho (nani aliliharibu), mwisho wakachagua wenyewe: shule inapoteza maji kiasi gani kwa mwezi, na inatugharimu shilingi ngapi.

Vifaa ni chupa za maji za nusu lita na saa moja ya mkononi, basi. Grupu la kwanza likakinga, chupa ikajaa kwa dakika 10. Wakakaa chini: dakika 10 nusu lita, saa moja lita 3, siku nzima lita 72, mwezi wa siku 30 lita 2,160, yaani ndoo za lita ishirini 108. Darasa likaguna. Mtu anayebeba ndoo kichwani kila asubuhi akiambiwa ndoo 108 anaelewa kabisa unaongelea nini.

Halafu utamu ukaja hapa. Grupu la pili wakapata jibu lingine, kwao chupa ilichukua karibu mara mbili ya muda. Ubishi ukaanza, nyie mmedanganya, nyie hamjui kusoma saa. Nikawaacha wabishane. Katoto kamoja ka kiume ambako siku zote kanakaa nyuma kimya kakasema, "sisi tulipima asubuhi kabla hamna mtu, wao wamepima saa nne watu wote wanachota". Presha! Hapo wakaona wenyewe hawawezi kupima mara moja wakazidisha mpaka mwezi, wakapanga zamu ya kupima asubuhi, mchana na jioni, kisha wakatafuta wastani. Ile mada ya wastani ipo kwenye silabasi na wala sikuwatajia kwamba sasa tunaingia mada ya wastani.

Mwisho wakaenda kwa mwalimu mkuu kuomba waone ankara ya maji. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hata kwa ile hesabu kubwa ya lita 2,160 ni uniti mbili na kidogo, sio mamilioni kama walivyokuwa wanajitangazia. Walinyong'onyea kidogo. Ila wakaenda duka la vifaa vya ujenzi kuuliza bei ya washa (ile raba ya ndani ya bomba), wakalinganisha na hela inayopotea mwezi kwa mwezi, wakaandika barua rasmi kwa mwalimu mkuu, na hapo mwalimu wa Kiswahili akaingia maana barua rasmi ni mada yake. Bomba likatengenezwa.

Yote hayo yalikula wiki mbili na vipindi vya hisabati vilevile vya kwenye ratiba. Na mimi nilianza sijui tutapata lita ngapi, ndo maana nasema kile kipimo changu cha notsi kinafanya kazi.

Mwenzetu unaongea tu, mimi darasani nina watoto tisini.

Najua, kwenye karatasi tunaambiwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, lakini tangu elimu bila ada ianze 2016 wengi wetu tunajua idadi halisi darasani. Ila niwaambie ukweli, tisini kwa ubao ni ngumu pia, tumezoea tu.

Gawa watoto sita sita, unapata magrupu 15. Usiwe na maswali 15 tofauti, utakufa. Kuwe na maswali matano, kila swali wanalo magrupu matatu. Faida yake ni kwamba magrupu yenye swali moja yanakaguana yenyewe, kama yale ya bomba, na wewe kila kipindi unakaa kwa umakini na magrupu matano tu, mengine unayapita kwa macho. Kesho unabadilisha.

Kuwasilisha ndo kunaua muda, magrupu 15 kila moja dakika tano hiyo ni wiki. Bandikeni kazi ukutani au nje chini ya mti, kila grupu linaacha watu wawili pale kwenye kazi yao kujibu maswali, wengine wanazunguka na daftari wanaandika walichojifunza kwa wenzao na swali moja la kuwabana. Nusu saa imeisha. Manila ikikosekana, nyuma ya kalenda za zamani au boksi lililokunjuliwa vinatosha kabisa.

Silabasi itaisha? NECTA, Baraza la Mitihani, hawaulizi mabomba.

Wanauliza vipimo, wastani na barua rasmi. Kosa ni kuichukua projekti kama kitu cha ziada kinachokaa pembeni ya silabasi, jioni au Jumamosi, hapo lazima uchoke uache. Fungua azimio lako la kazi, tafuta mada moja ambayo tayari imepewa vipindi sita mpaka nane, hiyo ndo uifundishe kwa projekti. Moja kwa muhula. Zilizobaki endelea na chaki yako kwa amani.

Mimi sio wa wale wanaosema kila kitu kiwe projekti. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado hajui kusoma, mfundishe kusoma kwanza, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) haina njia ya mkato. Kuna vitu vya hisabati vinataka mazoezi mengi tu mpaka mkono uzoee. Na darasa la saba au kidato cha nne muhula wa mwisho usiwaguse, waache wajiandae na pepa. Anza na madarasa ya katikati, la tano, la sita, kidato cha kwanza na cha pili kabla upimaji haujakaribia.

Na tusisahau wenye mfumo wenyewe wanataka hivi. Mtaala wa umahiri sekondari tunao tangu 2005, na hii mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kuingia madarasani Januari 2024 imekaa hivyohivyo, mtoto afanye, sio akariri tu. Hata nyuma huko, Azimio la Musoma la 1974 lilishasema mtihani mmoja wa mwisho usiwe ndo kila kitu, ndo zikaja alama za maendeleo. Kinachotuvuta nyuma ni mazoea.

Maksi natoa vipi? Kuna wengine watapanda mgongoni mwa wenzao.

Watapanda, tena sana, kila grupu lina abiria wake. Ndo maana usitoe maksi moja kwa grupu zima. Mimi kwa maksi 20 nafanya hivi: swali na mpango 3, daftari la grupu la kila siku 6, vipimo na hesabu 5, kuwasilisha 2, na mtu binafsi 4. Hizo 4 za binafsi napata kwa njia mbili, kila mtoto anaandika nusu ukurasa peke yake bila kuangaliziana, na siku ya kuwasilisha mimi ndo nachagua nani aongee, sio grupu. Wakishajua mtu yeyote anaweza kuitwa, wanafundishana usiku kucha bwenini. Na vigezo hivyo waonyeshe siku ya kwanza, sio siku ya kusahihisha.

Daftari la kila siku nimelipa maksi nyingi makusudi. Ripoti nzuri mtu anaweza kuandikiwa na kaka yake, ila daftari lenye tarehe, lenye makosa yaliyofutwa, na "leo hatukupima mvua ilinyesha", hilo halighushiki kirahisi.

Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, watoto hawaongei kabisa.

Waache wajadiliane kwa Kiswahili, hata kwa lugha ya nyumbani kama itasaidia, halafu ripoti ya mwisho iwe ya Kiingereza. Kuna walimu wananikatalia hili, sawa, ila mtoto hawezi kubuni jaribio kwa lugha ambayo bado anatafuta neno la "kijiko". Fikra kwanza. Wakishajua wanataka kusema nini, hiyo Kiingereza wanaitafuta wenyewe kwenye kamusi na kwa mwalimu wa somo.

Wazazi watasema tunawatoza hela. Na si tunaona Kenya huu mtaala wa umahiri, CBC, unavyowatesa?

Kanuni ya kwangu: projekti inayohitaji mzazi atoe hata shilingi mia, ibadilishe. Tumieni kilichopo shuleni au kinachotupwa. Na kazi ifanyike shuleni ndani ya kipindi, nyumbani mtoto aende kuuliza tu na kuangalia, sio kutengeneza.

Kenya nafikiri hapo ndo palipochomea. CBC ilianza rasmi Januari 2019, ikaanza kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwepo tangu 1985, na wazo lenyewe mimi nalikubali. Ila malalamiko ya wazazi wote tumeyasikia, saa nne usiku mama anakata boksi na gundi mkononi mtoto amelala zamani, asubuhi baba anakimbilia saiba kuprinti picha za rangi. Projekti ikishakwenda nyumbani inakuwa mashindano ya wazazi, na mtoto wa mama anayetoka kazini usiku anaonekana mzembe kumbe kakosa tu gundi na hela ya saiba. Walimu wa Kenya nawashauri jambo moja, zile kazi za SBA (upimaji unaofanyika shuleni) zirudisheni darasani. Uzito zinao tayari, kwenye alama za mwisho za gredi ya tisa, mtihani wa KJSEA wenyewe ni asilimia 60, SBA ya gredi ya saba na ya nane ni 20, na mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita ni 20. Maksi zipo kwenye mfumo, hakuna sababu ya kumpa mama Brayo mtihani.

Haya si mambo ya wazungu tu yameletwa na wafadhili?

Kwa hili huwa napandisha sauti kidogo. Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na watu wengi tunachokumbuka ni jembe na shamba la shule. Kasome tena. Mle ndani anasema wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, anatoa mpaka mfano, hela waliyoipata shambani waamue wenyewe, watakodi trekta au watalima kwa mikono yao na hiyo hela ifanye kitu kingine shambani au shuleni. Huyo mwanafunzi anapiga hesabu, anabishana, anachagua na anaishi na alichochagua. Ndo projekti yenyewe hii.

Kilichotokea baadaye shule nyingi ni kwamba jembe lilibaki maamuzi yakaondoka. Watoto wakalima, mazao yakaenda wanakojua wakubwa, na wengine wakalima mashamba ya walimu. Ndo maana mzazi wa rika fulani ukimwambia "mradi wa shule" anakunja uso, na ana haki. Kwa hiyo ukianzisha bustani ya mchicha na watoto, kama hawajui imeuzwa shilingi ngapi na hela imekwenda wapi, usiite projekti.

Mkuu wa shule atanielewa? Na mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akinikuta watoto wapo nje?

Usianze kwa kuomba ruhusa ya "kubadili ufundishaji", utamtisha mtu bure. Andika andalio la somo kama kawaida, umahiri upo, shughuli za mwanafunzi zipo, vigezo vya upimaji vipo, mwambie mwalimu wa taaluma kwamba wiki hizi mbili mada hii tutaifanyia nje. Mthibiti akija, andalio lipo, daftari za magrupu zipo, mwite mtoto yeyote aeleze anachofanya. Na ukimaliza peleka uzoefu wako kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapo shuleni, leta na kazi za watoto zilizoharibika usilete nzuri tu, wenzako wataamini zaidi.

Kelele zitakuwepo. Mwalimu wa darasa la jirani usimkwaze, mwambie mapema.

Wasichana wanaishia kuwa makatibu tu, nifanyeje?

Umeliona vizuri. Usipoweka sheria, mvulana mwenye sauti anakuwa mwenyekiti, msichana mwenye mwandiko mzuri anaandika, na siku ya usafi msichana huyohuyo anafagia. Badilisha majukumu kila wiki: mwenyekiti, mwandishi, mtunza muda, mpimaji. Kwa lazima, sio kwa hiari. Hivyohivyo kwa mtoto asiyesikia vizuri au mwenye shida ya macho, asipewe kazi ya kukaa na mabegi ya wenzake, kwenye bomba kuna mtu wa kushika saa, kuna wa kushika chupa, na kwenye hesabu kila mtu ana kichwa.

Na projekti ikibuma kabisa?

Miche imekufa, mvua haikunyesha wiki mbili na grupu lilikuwa linapima mvua. Haya yanatokea. Wape maksi kwa kazi waliyofanya na waandike kwa nini imekufa na wangefanya nini tofauti. Grupu ambalo miche imekufa na linajua ni kwa sababu walimwagilia saa saba mchana au mbuzi wa jirani ndo kala, limejifunza kuliko lile lililofaulu kwa bahati. Usiwaambie wakanunue miche mingine waje kuonyesha, hapo utakuwa umewafundisha kughushi.

Ila kuhusu usalama hapo hamna kujaribu jaribu. Sabuni za kostiki soda, moto, kuingia mtoni, kuvuka barabara kubwa, hivyo visiwe mikononi mwa watoto peke yao hata kama swali ni zuri namna gani. Na wakienda kuhoji watu mtaani waende kwa grupu, mchana, na sare zao.

Nipe basi maswali ya kuanzia.

Ninayo ambayo nimeona yanakubali. Sayansi: maji yaliyotuama hapa shuleni yapo wapi na ni wapi kuna viluwiluwi vya mbu? Watoto wachore ramani, warudie kila baada ya siku tatu, wataona wenyewe wapi vinaongezeka, na tairi bovu nyuma ya jiko linaweza likawashangaza. Jiografia: mvua inanyesha kiasi gani kwetu? Kata chupa ya lita moja na nusu, sehemu ya juu igeuze iwe faneli, chini weka kokoto halafu maji kidogo mpaka pale chupa inapoanza kunyooka, hapo ndo sifuri yako, rula ibandike kwa nje uanzie hapo kuhesabu milimita. Iwe wazi mbali na miti na mabati, na asomaye awe mmoja kila asubuhi saa ileile. Hisabati ya biashara: mama anayeuza maandazi getini anapata faida kiasi gani kwa siku? Omba ruhusa yake kwanza, na wasimtangaze. Uraia: kwa nini foleni ya choo cha wasichana ni ndefu kuliko ya wavulana? Wahesabu matundu, wahesabu watu, wapime muda, halafu barua iende kamati ya shule.

Historia: soko letu lilianza lini na nani alikuwa wa kwanza kupanga bidhaa pale? Hili waende kwa wazee watatu tofauti, sio mmoja, maana kila mzee atakuambia babu yake ndo alianzisha, na kazi ya grupu ni kukaa chini kuamua wamwamini nani na kwa ushahidi gani. Waambie waende na daftari, wasalimie vizuri, na wasiende saa za sala.